Mabati ya Kukodi

Kwa huzuni kuu, na kwa kunyenyekea mapenzi ya Mwenyezi Mungu, familia inatangaza kwamba Mama Dorca, mjane, mama mpendwa wa Joram na wa marehemu Emmaculate, bibi wa wajukuu wengi, mwanachama mwaminifu wa umoja wa akina mama kanisani na muuzaji wa nguo za watoto katika soko la Kibuye, amepumzika kutoka katika kazi zake zote.

Tangazo hilo lilisomwa redioni Jumatano jioni. Wakati linasomwa, Mama Dorca alikuwa juu ya paa, katika boma moja karibu na Usenge, aking'oa misumari.

Alikuwa amevaa sare ya kanisa, kitambaa cheupe kichwani na mkanda wa buluu kiunoni. Viatu alikuwa ameviacha chini, vimepangwa sawasawa penye mguu wa ngazi. Kila msumari alioung'oa aliunyoosha kwa nyundo, akautia ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Bati likishalegea, aliliteremsha polepole lisikwaruzike, akaliegemeza ukutani. Redio ilikuwa chini ya hema, juu ya kiti cha plastiki. Ilipofika kwenye jina lake, alitua nyundo, akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaendelea.

Fundi Wekesa, aliyeyapigilia mabati hayo tangu asubuhi, alikaa juu ya tofali akinywa chai na kumtazama. Alikuwa mtu wa Bungoma aliyekuja Kisumu kutafuta kazi za ujenzi, na hakupenda kuingilia mambo ya boma la watu. Alisema jambo moja tu, kwamba mama huyu anajua kazi, hajapinda hata bati moja.

Wengine hawakuwa na utulivu wa Wekesa. Katika boma hilo, kama katika maboma mengi ya kando ya ziwa, mtu mzima hazikwi mahali asipokuwa na nyumba. Maiti ya mama huletwa jioni, hulala usiku wa mwisho ndani ya nyumba yake, na kesho yake huzikwa upande wa kushoto wa mlango wake. Pasipo nyumba hakuna mlango, na pasipo mlango hakuna kushoto. Mama Dorca hakuwa na nyumba. Gari la maiti lingetoka mochari ya Kisumu Ijumaa, naye Dorca, tangu Jumanne, alikuwa akija kila jioni kuibomoa ile aliyokuwa akijengewa.

Kwa nini hakuwa na nyumba ni habari fupi. Mumewe alipofariki, Joram akiwa bado na meno ya utoto, Obonyo, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja na kiti chake akakaa mlangoni kwa mjane. Alisema yuko tayari kumrithi, yeye na watoto, kama inavyofanywa. Dorca, aliyekuwa akinunua mitumba Kibuye na kuiuza Usenge siku za soko, alimkaribisha uji. Kisha akamwambia, "Shemeji, mitumba nauza mimi. Mimi mwenyewe si mtumba."

Obonyo alimaliza uji. Alisema mjane asiyerithiwa hajengi katika boma la wanaume, wala hatii hata unyasi mmoja kwenye paa la zamani. Nyumba ya udongo aliyoachiwa Dorca ikanyeshewa, ikavimba, ikalala chini. Akawachukua watoto wake wawili, akapanga chumba Nyalenda, mjini Kisumu, akahamishia biashara yake yote soko la Kibuye.

Huko sokoni alijulikana kwa kutouza nguo kabla ya kuifua. Wenzake walifungua robota na kumwaga chini. Yeye alifua, akaanika, akapiga pasi ya makaa, akashona vifungo vilivyopungua, na ndani ya mfuko wa kila kaptula alitia kipande cha karatasi chenye mstari wa Zaburi. Wapo watu wazima Kisumu waliojifunza kusoma kwa kutia mikono mfukoni. Emmaculate alipofariki, Dorca alianza kulea upya akiwa na mvi, na nguo za wajukuu zikapigwa pasi ile ile.

Kila mwaka baada ya mavuno alirudi Usenge na sukari, akasimama mbele ya Obonyo, akaomba kujenga. Obonyo aliipokea sukari na kulikataa ombi. Dorca alirudi Kisumu siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuwa na pa kulala, na akikosa gari alilala kwenye benchi la kanisa. Hakumsema vibaya. Katika sala ya jioni alimtaja Obonyo baada ya wagonjwa na kabla ya serikali.

Obonyo alikuwa mnunuzi mkubwa wa omena, dagaa wa ziwani, pale ufuoni, na mkono wake ulikuwa na sifa yake. Aliyesalimiana naye asubuhi alinuka omena mpaka jioni, hata akinawa kwa sabuni na ndimu. Kanisani, watu walipoambiwa wapeane amani, Obonyo alipungiwa mkono kwa mbali.

Sasa Dorca alikuwa amekufa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumjengea kuliko Obonyo. Mke wa boma akizikwa kwingine, watu huuliza maswali, na baada ya maswali huja mikosi. Alileta miti, akamleta Wekesa, akaleta mabati. Mabati yalikuwa ya kukodi. Mwenye mabati alikuwa mtu wa Usenge aliyeyatumia kufunikia banda la samaki, na yalitakiwa kurudi Jumatatu. Obonyo aliwaeleza wazee bila kificho kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya kumlaza, si ya kukaa. Mama akishaingia ardhini, mabati yatarudi kwa mwenyewe na miti itapikia wageni. Wazee waliona hiyo ni akili.

Joram hakuona hivyo. Iliposimama nyumba ya mama ndipo mwana anapoanzia kujua pake pa kujenga. Nyumba ya mama ikiondolewa kama hema la harusi, yeye na watoto wake wangebaki wageni katika boma la baba yake, na kipande cha ardhi cha baba yake, kinachoshuka mpaka majini, kingebaki mkononi mwa Obonyo. Lakini mama asipozikwa humo kabisa, hata huo ugeni wasingekuwa nao. Kwa hiyo Joram alitaka nyumba isimame, na kila jioni alimtazama mama yake akiishusha.

Kati ya waliokuwepo alikuwamo mjukuu mmoja, Debra, binti wa marehemu Emmaculate. Debra ni msichana mwenye adabu, wa kutegemewa, anayesoma katika shule ya bweni inayoheshimika. Inafaa ielezwe hapa kwamba alikuwa nyumbani kwa ruhusa ya msiba. Kwamba ruhusa hiyo ilitolewa wiki ile ile ya barua ya kumrudisha nyumbani kwa ajili ya mbuzi aliyekutwa katika chumba cha walimu, amevaa tai ya shule, ni mambo yaliyogongana tu.

Dorca, ambaye wajukuu walimwita Dani kama bibi wote wa huko wanavyoitwa, ndiye aliyemlea Debra, na ndiye mtu pekee aliyewahi kumshika katika uongo. Hakupiga kelele wala hakushika fimbo. Aliuliza swali moja dogo. Debra akisema alikuwa kanisani, Dani aliuliza mhubiri alikuwa amevaa soksi za rangi gani. Akisema amesahau daftari kwa rafiki, Dani aliuliza rafiki huyo ana mbwa au paka. Kisha alingoja, akipiga pasi, mpaka kimya kikamaliza kazi.

Jumanne, Dorca alipokuja mara ya kwanza, alitokea njia ya kisimani kwa miguu, akasalimia kila mtu, akauliza habari za safari, akaomba nyundo. Wekesa alimpa. Hakuwa na sababu ya kumnyima.

Jumatano walijaribu nyimbo. Seline, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alisema anamjua Dorca tangu wakiwa wasichana, na Dorca hawezi kufanya kazi ya mikono katikati ya wimbo wa Mungu. Akina mama wakaizunguka nyumba kwa vitambaa vyeupe wakaimba. Dorca alifurahi sana. Aliitikia sauti ya chini kutoka juu ya paa, na akawa anang'oa msumari mmoja kila mwisho wa mstari. Siku hiyo kazi ilikwisha mapema. Seline alisema alikuwa amesahau kwamba Dorca alizoea kufua akiimba.

Alhamisi, Obonyo alinunua misumari mirefu zaidi, akaamuru ipindwe kwa ndani, na jioni ilipokaribia akaificha ngazi katika banda la ng'ombe. Dorca alikuja kwa wakati wake. Alitafuta ngazi, hakuiona, hakuuliza. Alimtazama Wekesa. Wekesa akainama, Dorca akavua viatu na kupanda kwa mgongo wake. Baadaye Wekesa aliwaeleza wazee kwamba hata kwao hakuna mtu anayemkatalia mgongo mama mzee, na kama wana neno wampe ruhusa arudi Bungoma.

Obonyo alitoka chini ya hema, akasimama mbele ya nyumba, akatazama juu.

"Mama Joram, unatuaibisha."

"Shemeji, nawarudishia watu mali yao. Jumatatu ni mbali."

"Kesho gari linaingia hapa. Utalala wapi?"

"Nilipokuwa nalala nikikuletea sukari."

Akina mama, waliokuwa wakiimba tena chini ya hema, waliacha kuimba. Msumari uliopindwa ulitoka ukilia, Dorca akaugeuza mkononi, akaanza kuunyoosha.

Joram alisogea. Alikuwa amevaa suti yake ya mazishi kabla ya siku, kwa sababu hakuwa na nguo nyingine safi. "Mama, shuka. Nakuomba."

"Joram, muulize baba yako mkubwa kama nyumba hii ni yangu."

Joram alimgeukia Obonyo akamuuliza. Obonyo alitazama ziwani, ambako mashua za omena zilikuwa zikiwasha taa moja moja. Alisema mabati yana mwenyewe.

"Basi," alisema Dorca, akaushika msumari mwingine.

Wazee walikaa pale pale na kuamua. Gari la maiti likipita langoni na kukuta nyumba haina paa, Mama Dorca atazikwa nje ya ua, chini karibu na maji, mahali wanapozikwa wale ambao ziwa huwatupa ufuoni na hakuna anayekuja kuwadai. Walimwambia Joram, kisha wakamwambia Dorca kwa sauti ili asikie vizuri huko juu. Dorca alijibu kwamba watu wale pia wana Mungu. Joram akakaa chini mchangani na suti yake, akaufunika uso kwa mikono. Mtu mzima akikaa hivyo, watoto huacha kucheza, nao waliacha.

Hapa ndipo lilipotokea jambo kubwa la siku hizo, na kwa bahati njema lilishuhudiwa na mtu wa kuaminika.

Debra alikuwa na Biblia ya Dani katika mkoba wake wa shule. Seline alikuwa amempa huko Kisumu aitunze, iwekwe ndani ya jeneza Ijumaa. Debra alimwita Obonyo nyuma ya ghala, akamwambia maneno machache ya hekima yaliyopita umri wake. Obonyo aliguswa. Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya jalada jeusi, akasema mbele za Mungu kwamba nyumba ya Mama Joram haitabomolewa, kwamba mabati atayanunua, kwamba Joram atajenga pembeni yake. Chozi lilimtoka jicho la kushoto. Wakati huo huo korongo mmoja alipita juu yao akielekea ziwani, bila kupiga kelele. Lilikuwa tukio la kugusa moyo.

Debra alikimbia mpaka chini ya paa na kumwambia Dani.

"Aliapa?" aliuliza Dorca.

"Aliapa, Dani."

"Kwa Biblia?"

"Kwa yako. Hii hapa."

Dorca alimtazama kwa muda. Joram alikuwa ameinua uso. Jioni hiyo Dani hakuuliza swali dogo. Huenda alikuwa amechoka. Kutoka Kisumu mpaka Usenge ni mwendo mrefu kwa miguu, na yeye alikuwa amekufa. Aliitua nyundo. Akamwambia Wekesa apande, naye akashuka, akasimama chini akimpokeza misumari mmoja mmoja, iliyonyooka kama mipya, mpaka bati la mwisho likarudi mahali pake. Kisha akavaa viatu, akaaga kila mtu, akaondoka kwa njia ya kisimani.

Ijumaa gari liliingia langoni, nyumba ilikuwa na paa. Dorca alilala ndani. Debra aliiweka Biblia chini ya mikono yake, kama alivyoagizwa. Jumamosi alizikwa upande wa kushoto wa mlango. Katika historia ya marehemu, iliyosomwa kwa kipaza sauti, ilisemekana aliishi maisha yake yote kwa upendo na amani pamoja na familia ya mumewe. Obonyo alipopewa nafasi alisema, "Tumempa Mama Joram nyumba nzuri," na kusimama kidogo ili watu waitazame. Watu waliitazama. Joram alimshika mkono mbele ya wote, akamshukuru, akanuka omena mpaka Jumapili.

Jumatatu asubuhi alikuja mwenye mabati, na vijana wake na mkokoteni.

Joram alikuwa bado bomani akihesabu hatua za mahali atakapojenga. Aliwaona wakipanda juu ya paa. Alimwendea Obonyo akamwambia, "Baba mkubwa, uliapa."

"Niliapa wapi?"

"Nyuma ya ghala. Kwa Biblia ya mama."

Obonyo alisema hakumbuki kiapo chochote. Wazee wa umri wake husahau mambo. Mabati yakapakiwa, miti ikapasuliwa kuni, na mlango, ambao kumbe nao ulikuwa wa kukodi, ukaondoka umelala juu ya mkokoteni. Palibaki kaburi, na upande wake wa kulia uwanja mtupu wenye mashimo ya nguzo.

Habari za kiapo zilikuwa zimeshaenea. Debra alikuwa amemwambia Seline, na kumwambia Seline ni sawa na kuwaambia watu wote kuanzia Usenge mpaka Awasi. Wanawake wa ufuoni walikataa kumwuzia Obonyo omena. Walimwita mvunja kiapo akiwasikia. Kwa muda wa juma zima ilionekana kwamba kitu kinaweza kubadilika katika boma lile, na Joram hakurudi Kisumu, akingoja.

Jumapili iliyofuata, Obonyo alisimama mbele ya kanisa. Aliinua mkono wake na kusema kwamba ametenda mengi maishani, lakini hakuwahi kuapa nyuma ya ghala wala mbele ya ghala, kwamba anasingiziwa uzeeni, na kwamba anaumia. Alilia. Alilia kwa macho yote mawili. Waliomfahamu tangu utoto waliutazama uso wake wakajua kwamba anasema kweli, maana walikuwa hawajauona ukiwa hivyo. Wakaanza kumhurumia. Wazee wakakutana juu ya suala la kiapo, wakatafuta kiapo, hawakukipata. Ilionekana kwamba Obonyo amekosewa sana. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kuhusu sukari, wala paa lililokatazwa unyasi, wala benchi la kanisa. Mkutano ulikuwa wa kiapo. Joram aliambiwa aombe radhi, akaomba. Alichinja kuku, Obonyo akala, na Joram akarudi Nyalenda na suti yake. Wanawake wakarudi kumwuzia Obonyo omena, na kwa kumwonea haya walimpunguzia bei.

Debra hakuitwa kutoa ushahidi. Alikuwa amesharudi shuleni, ambako alihitajika.

Kisha masika yakaja, na mvua ikanyesha ufuo mzima isipokuwa katika uwanja ulio kando ya kaburi la Dorca. Kuku ndio walioligundua jambo hilo kwanza. Palipokuwa na nyumba palikuwa pakavu, na kingo zake zilinyooka. Maji yaliteremka pembeni kwa mstari, kama yanavyotoka kwenye mabati, yakachimba vijifereji viwili kando ya kuta ambazo hazikuwepo. Wekesa alipita akielekea kazi nyingine, akasimama chini ya mwavuli, akatazama maji yanavyomwagika. Alisema mteremko wa paa uko sawa, ndivyo alivyoujenga.

Masika ni msimu mbaya wa omena. Hawakauki, wanaoza juu ya nyavu, na ufuo wote hunuka hasara. Mwaka huu omena wa Obonyo walikauka. Alitandika nyavu zake katika uwanja ule, kutoka ukuta mpaka ukuta, akaanika humo huku mvua ikipiga pande zote. Wanunuzi kutoka Kisumu walipomuuliza anafanyaje, aliwaeleza bila kificho. "Ni kwa Mama Joram," alisema. "Alikuwa mtu wa Mungu." Wachukuzi wake wa magunia walipoingia humo walizunguka wakapitia mlangoni, maana kwingine waligonga paji la uso.

Shule zilipofungwa, Debra alitumwa Usenge kupalilia kaburi. Alifika jioni, mvua ikinyesha. Alisimama mahali pa mlango, akabisha hodi.

"Karibu. Futa miguu."

Debra alifuta miguu akaingia ndani, na mvua ikamwacha mgongoni. Dani alikuwa amepiga magoti juu ya wavu, katika sare yake, akiwageuza omena wa Obonyo kwa viganja ili wakauke sawasawa. Alisema samaki hawana kosa. Aliuliza habari za shule, akauliza kuhusu mbuzi, akacheka kidogo. Kisha alipangusa mikono kwa mkanda wake, akaichukua Biblia kutoka kwenye kiti kisichokuwepo.

"Debra. Obonyo alikishika kitabu hiki kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Dani."

"Nusa."

Alimpa. Debra aliunusa mgongo wa kitabu, akanusa jalada, akanusa kurasa. Pande zote palikuwa na omena, magunia mazima ya omena, omena hewani na omena mpaka mlangoni. Biblia ilinuka ngozi ya jalada, na makaa ya pasi, na dawa ya nondo. Dani alingoja. Hakuwa na pasi, kwa hiyo aliendelea kugeuza samaki.

Basi, inatosha. Debra ni mimi.

Obonyo hakuapa. Nyuma ya ghala hapakuwa na chozi wala korongo. Nilimwita akakataa kuja, akasema hana muda na watoto, nami nikaenda peke yangu, nikasimama kwa muda ambao watu wawili wangeweza kuzungumza, nikairudisha Biblia mkobani, nikakimbia. Nimewahi kuwadanganya walimu wengi na mtawa mmoja. Sikuwahi kumdanganya mtu aliyekufa, na ilikuwa rahisi.

"Nilitaka uzikwe ndani ya ua," nilisema.

"Najua."

"Na mjomba alikuwa amekaa chini."

"Nilimwona." Aliokota jiwe dogo kati ya omena akalitupa nje, kwenye mvua. "Obonyo alikuwa na makosa ya miaka yote mikononi mwake, Debra, na hakuwa na ukweli hata mmoja wa kujifunika. Wewe umempa mmoja. Amejifunika nao gubigubi."

Nilimuuliza nifanye nini.

"Nenda ukamwambie. Jumapili uwaambie na wale wa kanisani."

"Dani, atafurahi."

"Atafurahi sana," alisema. "Nenda hata hivyo."

Nilipitia mlangoni. Obonyo alikuwa mezani kwake, anakula. Nilisimama mbele yake nikilowa, nikamwambia yote, hata habari za korongo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alifurahi kuliko Dani alivyosema. Alisema alijua siku moja Mungu atamsafisha, akaita wake zake waje wasikie, nikarudia, akaagiza niletewe chai. Nikamuuliza kama sasa mjomba Joram anaweza kujenga. Alisema hayo ni mambo mengine, tusiyachanganye. Kisha akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaukamata kwa muda mrefu, kama mtu anayesamehe.

"Umetoka huko ndani sasa hivi," alisema. "Omena wamekauka?"

Nilimwambia wamekauka. Dani amewageuza.

Jumapili ni kesho kutwa. Nimeandika haya kwanza, nipate kuyasoma bila kuongeza ndege. Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa ndimu, na karatasi hii, popote ninapoigusa, inanuka.